Taka hatarishi: uangalie orodha au upime?

Juzi nipo gereji moja hapa Dodoma, fundi anamwaga maji ya betri mtaroni, namuuliza hiyo si sumu, ananiambia maji tu hayo bosi. Sasa kujua taka ni hatarishi kuna njia mbili. Orodha: Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatarishi, umeshaitaja betri chakavu ya risasi (lead), kama hizi za magari, basi, hupimi kitu. Au upime tabia zake, inashika moto, inababua, inalipuka, ina sumu? Marekani kwa mfano taka ya majimaji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) 2 kushuka chini au 12.5 kupanda juu inahesabiwa hatarishi. Orodha ni fasta na haina gharama, ila michanganyiko ya ajabuajabu haimo, hapo maabara tu. Kwa gereji mi naona orodha inatosha, yale maji yameshatoboa suruali ya fundi mwenyewe na bado anabisha 😂