Upon Entry (2022): nimeicheki jana, bado nina hasira

Kama ushawahi kujaza ile bahati nasibu ya grini kadi, hii muvi itakukaba koo. Ni ya Hispania, waongozaji wawili, Alejandro Rojas na Juan Sebastián Vásquez, wote wazaliwa wa Venezuela, na huku kwetu sijasikia mtu hata mmoja akiiongelea. Haifiki dakika 80 na karibu yote iko chumbani, ungeniambia ilianzia jukwaani ningekubali, kumbe wala.

Stori: Diego na Elena wanahama Barcelona kwenda Marekani, Elena ndo kashinda bahati nasibu ya viza, Diego ambaye ni Mvenezuela anaingilia mgongoni kwake kama mwenza. Wanatua New York waunganishe ndege ya Miami, dirishani afisa anaangalia pasipoti, anaiangalia tena, halafu wanapelekwa pembeni. Basi. Simu zinachukuliwa, huko nje mafundi wako na drili haikai kimya, na yanaanza maswali ambayo hata mshenga hathubutu, mpaka ya kitandani. Kuna sehemu Elena anaambiwa eti kama kweli we dansa haya cheza tuone. Wife alinyanyuka pale akaenda jikoni bila kusema kitu.

Ila kilichoniuma mimi sio maafisa kuwa wakali, ni vile wanavyowatenganisha, huyu anahojiwa peke yake, yule peke yake, mwisho Elena anakuja kuyajua ya zamani ya mwanaume wake kwa mdomo wa mtu wa uhamiaji. Alberto Ammann, ndo Diego, kaua hapo, anajibu huku anameza mate mpaka na wewe uliyekaa kwenye kochi unaanza kumshuku. Namwelewa, mi niliwahi kuwekwa benchi uwanja wa ndege mmoja wa Ulaya nikaulizwa mwaka niliofunga ndoa nikataja mwaka aliozaliwa mtoto, na hapo sina hata cha kuficha.

Yule afisa wa kike anaongea Kihispania kama wao, unajua atawahurumia, subiri uone. Mwenzake wa kiume sikumwelewa sana, ni sura ya mbao tu mwanzo mwisho.

Naipa 8/10. Hizo mbili nimekata sababu ya mwisho wake, inakatika ghafla mpaka nikashika simu kuangalia kama bando limeisha.