Tik-tik ya injini: valvu au ekzosi?

Gari likianza kupiga tik-tik asubuhi, fundi wa Bukavu atakwambia "ni valvu", yaani vilango vya injini vya kuingiza hewa na kutoa moshi, kabla hajafungua boneti. Mara nyingi anapatia. Ila gasketi ya manifoldi ya ekzosi (kizibo kati ya injini na bomba linalokusanya moshi wake) ikivuja, mlio wake unafanana sana na huo.

Mlio wa valvu ni mkavu, wa chuma kwa chuma. Unatoka juu ya injini na unaharakisha ukikanyaga mafuta. Gusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha valvu, mpini sikioni, utausikia waziwazi. Lakini kwanza chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imeshuka chini ya alama, ongeza, washa, sikiliza upya, ndipo ubishane na fundi. Injini zenye tapeti za haidroliki (visukuma valvu vinavyojazwa oili) huweza kulia sekunde chache baada ya kuwashwa kisha zikanyamaza. Hilo lisikunyime usingizi.

Wa ekzosi una pumzi ndani yake: chf-chf. Ni mkali injini ikiwa baridi, hupungua chuma kikipata moto na kutanuka, halafu hujitokeza tena ukipanda mlima wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, na mzigo. Tafuta masizi meusi kwenye maungio ya manifoldi na injini. Moshi unaovuja hapo una kaboni monoksidi, gesi ya sumu, na unaweza kuingia ndani ya gari mnamokaa.

Mimi huanza na masizi, maana kuchungulia ni bure. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini ni habari nyingine kabisa: zima gari palepale.