Mshumaa wa Kuangalia

Wameyataka wenyewe. Leo asubuhi, kikombe bado kiko mkononi, ujumbe ukaingia kwenye simu: "Mpendwa mteja, asante kwa kupamba sikukuu nasi. Tupe nyota tano." Hawakuuliza ngapi. Wamenipangia. Nimewaza niwajibu nini mpaka chai ikapoa, na nafasi waliyoacha ya kujibu ilikuwa ya maneno kama ishirini hivi. Hayanitoshi hata kwa salamu.

Jina la duka sitalitaja. Ni hapa Kisumu mjini, ghorofa ya kwanza, ukipanda ngazi unakaribishwa na harufu ya mdalasini kabla mtu yeyote hajakukaribisha. Miezi mingine wanauza mapambo ya arusi. Ikifika Novemba wanageuka Krismasi tupu.

Mimi si mtu wa mapambo, niseme ukweli. Nilikozaliwa, kule Vihiga, Krismasi ilikuwa tawi la saipresi lililochomekwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, baluni tatu, na karatasi ya chooni ikisokotwa kutoka pembe hadi pembe ya sebule kama arusi ya maskini. Tulipendeza sana. Hakuna aliyetudai nyota.

Mwaka jana mambo yakageuka. Kwa kawaida Desemba ni sisi tunaobeba sukari na unga kwenda Siaya kwa mama mkwe. Safari hii mama alikuwa ametibiwa jicho hapa mjini, daktari akamkataza kurudi haraka kwenye vumbi, basi akatangaza kwamba Krismasi italiwa Migosi, kwangu. Aliyeolewa anajua uzito wa tangazo hilo. Nikaitazama meza yangu, nikavitazama vile vitambaa vya kufuma vilivyolala juu yake na juu ya kila kochi tangu tuoane, nikavikunja vyote nikavitia sandukuni. Nikasema mwaka huu meza itavaa.

Seti niliyochukua ilikuwa na mikeka sita ya kuwekea sahani (ya sahani jamani, si ile ya kubashiri mpira) na taji la kukaa katikati lenye mishumaa minne. Taji lenyewe ni duara la kamba nene lililofunikwa vitawi vya saipresi, koni za msonobari zilizopuliziwa rangi ya dhahabu, utepe mwekundu, na glita. Glita nyingi. Niliuliza kama naweza kupata mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, kama taji la Majilio la kanisani. Dada aliyenihudumia siku hiyo akacheka vizuri, bila dharau, akasema, "Auntie, mwaka huu watu wanachukua dhahabu." Nikachukua dhahabu. Shilingi 2,500. Juu yake akaniongezea kiberiti kirefu kilichofungwa utepe, 150. Kikumbukeni hicho kiberiti.

Kwanza niwape haki yao kwenye mikeka, kwa sababu nikishaanza ya taji sitarudi nyuma. Imesukwa kwa magugumaji, yale yale yanayojaa kwenye ghuba yetu ya Winam mpaka mashua zinakwama pale Dunga. Asili yake ni Amerika Kusini, yakaingia Ziwa Viktoria miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, na tangu hapo wavuvi hawajamaliza kuyalaani. Bua likiwa bichi ni maji karibu lote. Likikaushwa vizuri linabaki utepe wa rangi ya asali, laini, unaokunjika bila kuvunjika. Likikaushwa nusu linaota ukungu kabla mwezi haujaisha. Hii yangu nimeinusa, nimeipinda, imemwagikiwa mchuzi wa samaki, nikaipangusa kwa kitambaa kibichi na kuianika kivulini. Haina ukungu. Hakuna bua lililochomoka. Nimepapasa ukingoni nikitafuta mahali msukaji alipomalizia, nikitarajia tone la gundi, sikuliona. Ncha ya mwisho imerudishwa chini ya mzunguko wa tatu, ikapotea humo kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Kwa mikeka peke yake ningewapa hizo tano zao na kuwatafutia ya sita.

Sasa taji.

Siku yenyewe niliamka saa kumi alfajiri kusukuma chapati. Arobaini. Kuku wa kienyeji wawili, ngege wa mchuzi, wali, mambo yote. Tulikuwa tunamngoja shemeji anayetoka Busia, naye akasema yuko karibu, na nyote mnajua "niko karibu" ya mtu wa barabarani. Nikawasha mishumaa saa saba kamili ili aikute inawaka. Alifika saa nane na nusu. Hebu fikirieni Desemba ya Kisumu, mchana, chini ya mabati, mishumaa yenye kimo cha kidole cha kati imekaa inawaka saa nzima na nusu.

Mama mkwe ndiye aliyeomba. Mama akiomba huwa haruki mtu: anaanza na marehemu, anakuja kwa wagonjwa, kisha wajukuu mmoja mmoja kwa umri. Alipofika kwa mjukuu wa nne nilifungua jicho moja. Mshumaa wa upande wa shemeji ulikuwa umeinama. Ulikuwa umeinamisha kichwa kama sisi sote, na mwanzoni nikadhani ni adabu. Kisha ukaendelea kuinama.

Chini ya mshumaa hapakuwa na kikombe, hapakuwa na msumari, hapakuwa na chochote ila tone la gundi ya moto, ile ya kijiti inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme. Gundi hiyo haikauki kama ya mbao. Inaganda tu ikipoa, na ukiipa joto tena inarudi kuwa uji. Yaani mtu mzima alikaa akabandika moto juu ya kitu kinachoogopa moto, akanyunyizia glita. Mshumaa ukalala juu ya saipresi iliyokatwa wiki kadhaa nyuma, kavu, yenye utomvu wake. Saipresi ya namna hiyo huwa haisubiri kuombwa.

"Dani, meza inawaka!" Huyo ni kitindamimba wangu (dani kwa Kijaluo ni bibi), ambaye kumbe hakuwa amefumba macho hata dakika moja.

Mama hakuruka wala kupiga kelele. Aliinua jagi la kunawia mikono, akamimina maji yote juu ya taji, akasema "Amina," akaketi. Glita ilirukia chapati. Chapati arobaini zikang'aa kama meno ya dhahabu. Watoto walizigombania zile zenye glita nyingi zaidi, na mimi nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Niliporudi katikati ya meza palikuwa patupu. Mama alikuwa ameshatoka na kisu. Kando ya ua wetu kuna yale maua ya Krismasi, ponsetia, ambayo watu hudhani wekundu wake ni petali kumbe ni majani. Alikata vitawi vitano, vikawa vinatoa maziwa. Mimi nimeshayakata mara nyingi yakaninyaukia kabla ya jioni, nikaamua si maua ya kuweka ndani. Mama alipitisha kila ncha kwenye makaa ya jiko, akaishikilia hapo mpaka maziwa yakakoma kutoka, ncha ikawa nyeusi. "Likivuja linakufa, nyar Maragoli. Lizibe." Nyar ni binti, ndivyo anavyoniita. Akanawa mikono kwa sabuni, maana maziwa yale huwasha ngozi, akayapanga kwenye bakuli la mawe ya Kisii ambalo mimi huwekea vitunguu. Yalikaa siku sita. Mjukuu wa nne, yule ambaye sala yake ilikatizwa, akaombewa upya peke yake.

Ningenyamaza, haki. Kama ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha wageni. Kilichoniharibia roho ni siku mbili tatu baadaye, nilipolitia taji kwenye katoni na kulirudisha.

Dada yule hakuwepo. Kwenye kaunta alikuwa kijana mmoja, macho kwenye simu. Nyuma yake kibao kimezungushiwa vimulimuli: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamweleza. Sikudai pesa, naapa. Nilitaka tu mtu aseme "pole".

"Mama, uliwasha?"

"Niliwasha nini?"

"Mishumaa."

"Niliwasha. Ni mishumaa."

Ndipo akaiweka simu chini, kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni ya kuangalia, mama. Si ya kuwasha."

Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akasema, "Inajulikana."

Inajulikana! Na nani? Mimi najua kwamba mchungaji mmoja wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839 alichoka na watoto waliokuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika, akachukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, akawa anawasha mmoja kila siku ili wajihesabie. Taji la Majilio likaanzia hapo. Aliwasha. Hakuwapanga watoto mstarini wakaangalia nta. Hayo yote sikuyasema pale kaunta kwa sababu nilikuwa natetemeka. Nimeyasema usiku, kwa mume wangu, aliyekuwa amelala.

Nilichofanya pale ni kutoa risiti. Mstari wa kwanza, seti ya meza. Mstari wa pili, kiberiti cha mishumaa. Risiti moja, siku moja, duka moja. Nikauweka mbele yake kidole kikiwa kwenye mstari wa pili.

Akausoma. "Kiberiti ni cha jikoni," akasema, akachukua simu yake.

Hapo nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu huwezi kuweka sifuri. Mwanaharamu wa... basi, niache.

Lakini kando ya kaunta, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi mama mmoja wa umri wa dada yangu mkubwa, na gunia miguuni. Alikuwa amesikia yote. Akaniomba taji kwa mkono, nikampa. Alibandua saipresi iliyoungua kwa kucha, akabandua gundi, akafika kwenye lile duara la kamba. Magugumaji. Lilikuwa limeguswa na moto juu tu, chini bado ni la asali, limekaza, halijalegea hata kidogo. Akalizungusha mara moja kama mtu anayekagua sufuria.

"Duara ni langu," akasema. "Hiyo gundi si yangu. Niliwaambia mshumaa ukae kwenye kikombe cha bati, ufungwe kwa waya. Wakasema waya unaonekana."

Nikamuuliza na mikeka? Yake pia. Amefungua gunia nikaona mingine kama thelathini. Anatoka Dunga, alikuwa hapo tangu asubuhi akingojea malipo ya mzigo wa kabla ya sikukuu. Akainuka kumuuliza kijana kitu, na kijana, bila kuinua macho, kwa sauti ile ile aliyonitumia mimi: "Mama, wewe ngoja."

Akarudi kuketi.

Sasa niambieni nyota ngapi. Nikisema watu wasikanyage pale, mkeka haununuliwi, na atakayeumia siye kijana wa simu. Nikisema nendeni, nitakuwa nimempeleka mama wa mtu mwingine akawashe moto mbele ya mkwe wake. Tatu? Tatu ni nyota za woga. Nilikuwa nimeandika nne hapa, nikakumbuka "inajulikana", nikafuta. Kama mnakwenda, nendeni kwa mikeka. Mkiona taji, ligeuzeni mtazame chini ya mshumaa. Mkikuta tone la gundi limekaa kama kamasi, wekeni chini taratibu. Mkimkuta yule dada mcheshi, msalimieni, hana kosa. Au analo, maana kiberiti aliniuzia yeye.

Meza yangu imebaki na alama nyeusi kama kizibo cha soda, na bonge la gundi ambalo limekataa kisu, limekataa maji moto. Nimetoa kitambaa kimoja cha kufuma kutoka sandukuni nikakitandika juu. Kimetosha kabisa, kana kwamba kilifumwa kwa ajili ya hilo.

Mama mkwe aliporudi Siaya alibeba mikeka miwili. Hakuomba, alisema "hii itanifaa," nami ningesema nini? Juzi amepiga simu. Majirani wameiona, kina mama wa kanisani wanakuja kwake Pasaka, anataka mingine minne. Jumapili mbili nimekwenda Dunga kumtafuta yule mama, naambiwa kazi yake yote inachukuliwa na duka la mjini.

Kwa hiyo nitarudi kule juu kwenye mdalasini. Au hapana, nitamtuma mume wangu, na akiulizwa kama anataka kiberiti aseme tunacho.