Kivuko na matuta mbele ya shule ya msingi Ngamiani: anayetembea kapata, wa baiskeli bado

Kazi ninayoitathmini hapa ilifanywa mbele ya shule moja ya msingi upande wa Ngamiani, jijini Tanga. Inajumuisha matuta mawili ya lami, kivuko chenye milia kilichowekwa katikati ya matuta hayo, njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa na barabara kwa nguzo fupi za zege, vibao vya kuwatahadharisha madereva, na lango la shule ambalo limehamishwa kutoka barabara kubwa na kufunguliwa upande wa mtaa wa nyuma. Tumezoea kusoma tathmini za simu, za hoteli na za mabasi ya kwenda Dar es Salaam, lakini barabara hatuitathmini, pengine kwa kuwa hakuna anayetukatia risiti, hali ya kuwa sehemu kubwa ya fedha za matengenezo hutokana na tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli, na abiria wa daladala huilipa kama anavyoilipa mwenye gari. Mimi ni mzazi mwenye watoto wawili katika shule hiyo, mmoja anatembea na mwingine ameanza kwenda kwa baiskeli, ndiyo maana hukumu yangu imegawanyika.

Nianze na matuta, kwa sababu yanafanya kazi kubwa kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Sheria yetu ya usalama barabarani inaruhusu mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Dereva anayekwenda kwa mwendo huo, hata akiwa makini na breki zake zikiwa nzima, huhitaji takriban mita 28 za lami kavu tangu anapomwona mtoto mpaka gari linaposimama. Akiwa katika kilomita 30, mita 13 au 14 humtosha. Tofauti hiyo inazidi urefu wa basi zima la abiria. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia moja tu, uwezekano wa ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia nne, na mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulitaka ukomo uwe kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachangamana na watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Hoja hizo ni nzuri, lakini kibao chenye namba kikisimama peke yake hakijawahi kumpunguzia mtu mwendo.

Kabla ya matuta palikuwa na milia ya rangi nyeupe pekee, ambayo watoto waliiheshimu na madereva hawakuiona. Kwa maoni yangu hali ile ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa na kivuko kabisa, kwa kuwa mtoto aliyefundishwa darasani kwamba gari husimama kwenye milia aliingia barabarani kwa imani, ilhali yule ambaye hakufundishwa angalau alisita. Sasa gari hufika kwenye milia likiwa tayari limepungua mwendo, dereva apende asipende. Matuta yenyewe yamejengwa kwa ustadi: mgongo wake ni mpana, unapanda na kushuka taratibu, karibu na kipimo kinachotumika katika nchi nyingi cha mita 3.7 kwa upana na kimo kisichozidi sentimita 10, ambacho humwachia mwenye mwendo mdogo apite bila kukwaruza chini ya gari lakini humtikisa vilivyo anayekimbia. Hilo ni jambo la kushukuru, maana matuta ambayo wakazi hujijengea kwa kifusi na mawe, makali na mafupi, humuumiza mama mjamzito aliyepanda bajaji kuliko yanavyomzuia dereva wa lori.

Lango ndilo lililonishangaza zaidi. Lile la zamani lilifunguka moja kwa moja kwenye lami, na kengele ya kutoka ilipogongwa, mamia ya watoto walibanana kwenye uwazi wa mita chache huku walio nyuma wakiwasukuma walio mbele, na aliyetangulia akajikuta barabarani kabla hajageuza shingo. Lango jipya linawatoa kwenye mtaa wa mchanga ambao magari hupita kwa nadra. Hapo watoto hutawanyika, wengine hununua ubuyu, wengine hugombana na kupatana, na wanapofika kwenye kivuko wameshakuwa vikundi vya watatu au wanne ambavyo dereva anaweza kuvihesabu kwa jicho. Wauza barafu na mihogo ya kukaanga nao wamehamia huko, jambo ambalo hakuna aliyelipanga lakini limeondoa mkusanyiko mwingine pembezoni mwa barabara. Gharama yake haikuzidi ya fundi wa kuchomelea, mifuko ya saruji na kazi ya kubomoa ukuta upande mmoja na kuuziba upande wa pili.

Mchanganyiko huu wa matuta, njia za miguu, nguzo na malango si majaribio ya kubahatisha. Jijini Dar es Salaam, shirika la usalama barabarani la Amend lilifanya kazi ya namna hii kwenye shule za msingi zilizokuwa na majeruhi wengi, kupitia mpango wake wa kukagua na kuboresha usalama wa barabara kuzunguka shule, unaojulikana kama SARSAI, na mwaka 2019 mpango huo ukashinda tuzo ya WRI Ross ya miji iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka huo huo ulionyesha kwamba majeraha ya barabarani miongoni mwa watoto wa shule zilizofanyiwa kazi yalipungua kwa asilimia 26. Huwa nawatajia takwimu hiyo wazazi wenzangu wanaosema kuwa dawa ya ajali ni kuwafundisha watoto adabu ya barabarani. Mafunzo yana nafasi yake, lakini mtoto wa darasa la kwanza hana kimo cha kuona juu ya gari lililoegeshwa, wala hawezi kukadiria kwa uhakika gari la mbali linakuja kwa kasi gani, na hakuna wimbo wa darasani utakaomwongezea uwezo huo kabla ya umri wake.

Njia ya waenda kwa miguu imenipa furaha na hasira kwa pamoja. Imepita juu ya mtaro uliofunikwa kwa mifuniko ya zege, wazo ambalo ni zuri kwa mitaa yetu isiyo na nafasi, mradi mifuniko iwepo. Hatua chache kutoka kwenye kivuko mfuniko mmoja umekatika, na msamaria mwema amechomeka tawi lililofungwa kitambaa chekundu ndani ya shimo. Watoto wanaofika hapo hushuka barabarani, hulizunguka tawi, kisha hupanda tena, na kwa bahati mbaya hapo hapo ndipo nguzo za zege zinapoishia. Wakati wa masika maji yakijaa, shimo na mfuniko huwa na sura moja. Sijui ni hesabu gani inayoweza kujenga mradi mzima halafu ikakosa mfuniko wa akiba.

Upande wa pili wa kero ni bodaboda. Kati ya mwisho wa tuta na ukingo wa mtaro imeachwa nafasi ya maji kupita, na nafasi hiyo inaitosha pikipiki. Ukiinama utaona mstari mweusi wa matairi ulioanza kwenye lami, ukapenya pembeni ya tuta, ukapanda kwenye njia ya watoto na kurudi barabarani baada ya nguzo ya mwisho. Dereva wa bodaboda anakwepa mtikisiko, naye abiria wake hamlaumu. Nguzo zilizopo haziwezi kumzuia, kwa kuwa uwazi unaopitisha kiti cha magurudumu cha mtoto mwenye ulemavu unapitisha pia pikipiki. Dawa ni kulirefusha tuta mpaka kwenye ukingo na kuwekea maji bomba chini yake, kazi ambayo ingefanyika kwa urahisi wakati lami ilipokuwa bado ya moto.

Kuhusu saa za huduma, asubuhi hali ni nzuri. Mwalimu wa zamu husimama kivukoni, na wanafunzi wa madarasa ya juu hushika vibendera vyekundu. Vibendera vile sivipendi: mtoto wa miaka kumi na miwili hapaswi kulisimamisha lori, na siku breki zitakapokataa yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza mbele yake. Kazi hiyo ni ya mtu mzima aliyevaa kizibao chenye kung'aa. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba watoto wa darasa la kwanza na la pili huachiwa mapema, wakati walimu bado wako madarasani, kwa hiyo walio wadogo kuliko wote ndio wanaovuka bila mtu. Tena hapa kwetu siku ya mtoto haiishi shuleni. Alasiri wengi hurudi njia hiyo hiyo kwenda chuoni kusoma Kurani, na hurejea magharibi inapokaribia, watoto wa kike wengi wao wakiwa katika vazi jeusi, huku taa za barabarani zikiwa hazijawaka. Kipande cha kitambaa chenye kuakisi mwanga kikishonwa kwenye mkoba au juzuu ikabebwa katika mfuko wenye mkanda wa namna hiyo, dereva humwona mtoto akiwa mbali. Fundi cherehani yeyote anaweza kukishona.

Sasa baiskeli, na hapa kazi hii imeniangusha. Tanga ni jiji la baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba zimenyooka na kukatana kwa pembe mraba, na mama mwenye baibui akiendesha baiskeli kwenda sokoni humshangaza mgeni tu. Katika mji wa namna hii, watu waliochora mradi wa njia ya shule hawakuweka hata alama moja inayoonyesha kwamba mtoto anaweza kufika kwa magurudumu mawili. Njia ya miguu ni nyembamba mno kuweza kuchanganya watembea na baiskeli, na kwenye lami mtoto hukutana na tuta lililojengwa kwa ajili ya gari. Mara nyingi huwa amempakia mwenzake kwenye keria, na wakilipanda kwa kasi, wa nyuma huruka na kutua kwenye chuma. Njia ya pembeni yenye upana wa mita moja na nusu hadi mbili, nyuma ya nguzo, ingewatosha, na nafasi ipo, kwani upande wa pili wa barabara umeachwa kuwa maegesho ya bajaji.

Vilevile hakuna pa kuegesha. Ndani ya uwanja wa shule baiskeli huegemezwa kwenye mwarobaini, moja juu ya nyingine, na ya chini ikivutwa zote huanguka. Mtoto anayetoka hapo anaondoka na breki iliyopinda bila kujua. Mabomba machache ya chuma yaliyopindwa na kuchimbiwa chini yangemaliza jambo hilo.

Lakini kosa lingine ni letu wazazi, na hakuna mkandarasi wa kulirekebisha. Watoto wengi wanakuja na baiskeli za baba zao. Mtoto hupenyeza mguu chini ya bomba la fremu kwa kuwa hawezi kukaa kwenye kiti, mwili wake ukiwa upande mmoja na baiskeli upande mwingine, na vidole vyake havifiki kwenye breki za chuma, hivyo husimama kwa kukanyaga tairi kwa kandambili. Hakuna kivuko kitakachomsaidia huyo. Baiskeli za mtumba za inchi 20 zinapatikana madukani hapa mjini, na kabla hujamkabidhi mtoto, mwombe fundi ashushe kiti mpaka ncha za miguu yote miwili ziguse chini, asogeze mikono ya breki karibu na usukani, akaze cheni na afunge kiakisi mwanga kwenye madigadi ya nyuma. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote anayekaa chini ya mti.

Kwa shule nyingine zitakazotaka kuomba kazi kama hii, kwanza ulizeni barabara inayopita mbele yenu iko chini ya nani. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, ilhali za mitaa ya mijini na za vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na barua ikipelekwa kusikostahili huzunguka muda mrefu. Barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na kamati ya shule. Ombeni lango na matuta kwanza, rangi baadaye, na baiskeli zitajwe kwa jina tangu ukurasa wa kwanza.

Wazazi wenzangu wananiuliza kama sasa mtoto anaweza kuachiwa aende mwenyewe. Anayetembea, akiwa darasa la tatu na kuendelea, na akitokea upande wa lango jipya, mimi namruhusu wangu. Anayetokea upande wa mfuniko uliokatika namsindikiza mpaka avuke, na wa darasa la kwanza na la pili apangiwe mtu wa kumpokea mchana. Wa baiskeli namwagiza ashuke kabla ya tuta la kwanza, aikokote kwenye milia, na apande tena akishaingia kwenye mtaa wa mchanga.