Nimeenda kusikiliza kwaya ya "chemba" Bagamoyo, haya ndo niliyoyakuta

Shoga yangu mmoja nesi aliponambia Jumamosi twende tukasikilize kwaya ya chemba nikamuuliza chemba ipi, ile ya Dodoma au hizi za maji taka? Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni kwaya ndogo, watu kumi na sita tu, hawana kinanda, hawana spika, hawana maiki, hawachezi hata kidogo, wanasimama nusu duara wanakuimbia kama mtu kakuvuta chemba anakupa siri. Na wote ni watu na kazi zao, nesi, walimu, mama muuza samaki, fundi wa kuchonga milango, hakuna anayelipwa.

Niseme mapema mi ni mtoto wa Kiislamu, kwaya nimezoea kuisikia kwenye sabufa ya jirani Jumapili asubuhi, kwa hiyo msinisome kama mtaalamu. Nimekwenda na masikio yangu ya kaswida na maulidi. Ila kwa mtu wa Bagamoyo hayo sio masikio ya kubeza bana, mji huu ndo wa Sheikh Ramiya, yule shehe mkubwa wa zamani, watu wamekuwa wakija huku kwa maulidi miaka na miaka, sauti ya binadamu ikisimama peke yake tunaijua tangu tuko mgongoni.

Kiingilio elfu saba. Nikatoa noti ya elfu kumi, dada wa mlangoni akasema chenji baadae mpenzi, akaandika jina langu nyuma ya kikaratasi. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni, wameanza saa moja na robo, na muda wote huo tuko kwenye viti vya plastiki tunapigana na mbu, hakuna aliyetoka kusema hata samahani. Hili jamani mlirekebishe, watu wazima wameacha watoto nyumbani.

Ukumbi sasa, hapo wamepatia. Ni nyumba ya zamani mtaa wa India, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, dari la boriti liko juu huko, sauti inapanda inagonga ukuta inarudi imenona. Ungewaweka hawa kwenye ukumbi wa harusi wenye jipsamu na mapazia ungesikia kama watu wananong'ona kwenye godoro. Nguo zao pia nimezipenda, hakuna sare za satini, wote nyeusi na kila mtu kaweka kanga yake begani, hazifanani.

Wameanza na nyimbo tatu za Kiswahili, safi, sina la kusema sana, maneno yanasikika mpaka herufi ya mwisho, kitu ambacho kwenye kwaya nyingi za sabufa hukipati.

Halafu ikaja balaa la Bach.

Mwalimu wao, kijana tu wala sio mzee, akatuelezea kwamba ni moteti, yani wimbo wa dini wa sauti nyingi, unaitwa Jesu, meine Freude, ya Mjerumani Johann Sebastian Bach, ina vipande 11 ila wao wataimba vitano. Sasa wimbo huu ni wa sauti tano, yani sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa ya wanawake, inakatwa mbili, halafu ndo ya pili, ya tatu na ya nne, ile nzito ya wanaume. Kwaya ina watu kumi na sita, na sauti ya tatu wako wanaume watatu na mmoja kati yao alikuwa na mafua unamuona kabisa anavuta leso. Kipande cha kwanza kikaenda vizuri, watu tukapiga makofi, kumbe hairuhusiwi kupiga makofi katikati, sasa sisi tutajuaje na hatujapewa hata kikaratasi cha kutuambia nini kinaimbwa na kina maana gani? Kijerumani chenyewe hicho. Kipande cha pili wakaanza kukimbizana, huku wameshafika, kule bado wako njiani, mama mmoja sauti ya kwanza akaona isiwe tabu akapaza peke yake kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Walipomaliza cha tatu mwalimu akachukua kale kauma kake ka chuma ka kupimia sauti, akakagonga gotini, akakaweka sikioni, nikaona uso umebadilika. Shoga akaninong'oneza, "wameshuka". Maana yake walipoanzia sipo walipoishia, kwaya nzima imeteremka bila kujijua kama mashua iliyokatika kamba. Akawapa sauti upya wakaendelea, lakini imani ilishatoka.

Na uzito wa kazi nimeuelewa baadae. Hawa watu wengi wanasoma nota za d r m f, zile za kuandika kwa herufi, mfumo aliousambaza Mwingereza John Curwen karne ya 19 na wamisionari wakaja nao huku, mpaka leo ndo kwaya zetu nyingi zinaimbia hizo. Nota za Bach ziko kwenye mistari. Kwa hiyo mwalimu kakaa usiku akazigeuza zote kwa mkono, sauti moja moja, kwenye kaunta buku la kwaya tatu (hiyo kwaya ni ya dukani sio ya kanisani), kisha kapiga kopi kwa hela za michango yao. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni, na siku zingine kila mtu anatumiwa sauti yake kwenye WhatsApp anajifunzia jikoni. Shoga anasema mumewe sasa anajua sauti ya pili yote kwa kichwa na hata sio mwanakwaya.

Walipokuwa wanakaribia mwisho wa hiyo Bach umeme ukakatika. Nikasema alhamdulillah, bora yaishie hapo. Ukumbi giza, watu wanawasha tochi za simu, mwalimu akasema kwa upole, zimeni tu, hii inayofuata hatuhitaji karatasi.

Aisee.

Ni wimbo mfupi, dakika tatu hivi, Locus iste wa Anton Bruckner wa Austria. Kautunga 1869 kwa ajili ya kuzindua kikanisa kule Linz, na mwalimu akatukumbusha kwamba mapadre walianzisha misheni yetu hapa 1868, yani mwaka mmoja kabla, wakati kule mzee anaandika nota huku misheni ndo kwanza changa. Maneno yake ya Kilatini yanaanza kwa kusema mahali hapa pamefanywa na Mungu. Hii aliifafanua, na mnaona tofauti, ukiambiwa unachosikiliza unasikiliza kweli.

Wameingia taratibu, wote pamoja, gizani. Yule fundi milango, mwembamba wala humdhanii, ndo akaongoza wenzie wa sauti ya nne wakapanda na wengine wakawafuata, nikasikia kiti changu kinatetemeka. Kuna sehemu sauti ya nne inanyamaza kabisa, wanabaki wale wa juu wanashuka nusu hatua nusu hatua kama mtu anayeshuka ngazi usiku anapapasa ukuta. Na karibu na mwisho kuna pahala wote wanakaa kimya, sio wamesahau, imeandikwa hivo. Kimya kile, nje muuza kahawa anapita anagonga vikombe vyake, ka-ka-ka, na humu ndani hakuna aliyepumua. Halafu wakamalizia. Mi nililia na sijui Kilatini.

Baada ya hapo wameimba vitu viwili zaidi ambavyo sivikumbuki kabisa.

Nilimfata mwalimu nje nikamwambia mwalimu hongereni, ila ile ya Bach ingesubiri mpate wanaume zaidi. Akanambia, "Dada yangu, tusipoimba kinachotushinda tutazeeka na zilezile." Nikamjibu sawa, ila na sie tuliolipa je? Akacheka, akasema wataiimba tena Desemba. Yote 11.

Mi nawapa saba kwa kumi. Nne kati ya hizo ni za gizani.

Kwa mnaotoka Dar, gari zipo Makumbusho na ni kama kilometa 70, lakini kwa jinsi wanavyochelewa kuanza msijidanganye kurudi usiku uleule, tafuteni pa kulala. Bebeni dawa ya mbu. Kaeni mbele upande wa kulia kwenye sauti ya nne, na sio karibu na mlango maana bodaboda wanapaki hapohapo.

Na yule dada wa mlangoni kama unasoma hapa, chenji yangu elfu tatu, kikaratasi bado ninacho.