Kisiwa cha Patmos: Tathmini ya Vijiji na Majengo Yake ya Kale

Anayefika Patmos kwa saa chache, kama wafanyavyo abiria wengi wa meli za kitalii, ataona pango na monasteri kisha ataondoka bila kuijua Chora, ilhali mji huo wa mlimani ndio unaokifanya kisiwa hiki kistahili gharama ya safari. Patmos imo katika visiwa vya Dodecanese, kusini-mashariki mwa Ugiriki, na eneo lake ni takriban kilomita za mraba 34. Wasomaji wa Biblia wanaijua kwa jina la Patmo, kwa kuwa ndipo Yohana alipopata maono ya kitabu cha Ufunuo, na mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba alipelekwa huko uhamishoni mwishoni mwa karne ya 1, wakati wa utawala wa Domitian, Kaisari wa Roma. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza Chora, monasteri na pango katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa pamoja, nami naona ilifanya vyema, maana ni vigumu kukielewa kimoja bila vingine viwili.

Asili ya yote ni Monasteri ya Mtakatifu Yohana. Mwaka 1088 Kaisari wa Bizanti, Alexios I Komnenos, alimkabidhi mtawa Christodoulos kisiwa kizima, na mtawa huyo akaanza kujenga kileleni mwa mlima. Kwa nje jengo hili ni ngome hasa, lenye kuta nene za kijivu zilizoinuliwa kwa hofu ya maharamia. Ndani yake mna ua mdogo wenye matao, kanisa lenye giza na harufu ya ubani, na kanisa dogo la Bikira Maria lenye michoro ya ukutani ya karne ya 12. Jumba la makumbusho hutozwa kiingilio cha ziada, nami nashauri kilipwe bila kusita, kwani humo mna hati yenyewe ya mwaka 1088 iliyomkabidhi Christodoulos kisiwa, pamoja na masalio ya Injili ya Marko ya karne ya 6, iliyoandikwa kwa herufi za fedha juu ya ngozi ya rangi ya zambarau. Maktaba haifunguliwi kwa watalii, na si kila kilichowahi kuwamo kimebaki: nakala ya kazi za Plato ya mwaka 895 iliondoka mwaka 1801 mikononi mwa Mwingereza Edward Daniel Clarke, na leo iko Oxford.

Chora yenyewe imeizunguka monasteri pande zote. Wakimbizi kutoka Konstantinopoli walihamia hapa baada ya mji wao kuanguka mwaka 1453, kisha wakaja wengine kutoka Krete baada ya mwaka 1669, na kila kundi likaongeza mtaa wake. Matajiri wa biashara ya baharini walijenga majumba ambayo kwa nje huonyesha kuta nyeupe tupu na mlango mzito tu, huku ua na bustani vikifichwa ndani. Vichochoro ni vyembamba na hupinda bila mpango unaoonekana, hivyo ramani ya simu haisaidii sana. Afadhali kutembea bila haraka hadi kwenye monasteri ya watawa wa kike ya Zoodochos Pigi, iliyoanzishwa mwaka 1607, na kutokea kwenye vinu vitatu vya upepo vilivyokarabatiwa. Wakati mzuri ni alasiri, makundi ya watalii yakiwa yameshateremka bandarini. Kasoro ya Chora ni bei: mikahawa ni michache, na chakula ni ghali kuliko bandarini.

Pango la Ufunuo liko katikati ya njia inayoteremka kutoka Chora hadi bandari ya Skala. Mgeni asitarajie pango kubwa, kwani ni nafasi ndogo iliyounganishwa na kanisa, yenye ufa wa mwambani uliogawanyika mara tatu na shimo lililozungushiwa fedha ambamo inasemekana Yohana aliweka kichwa chake. Kupiga picha ndani hakuruhusiwa. Makundi yanapojaa, mtu huona migongo ya wenzake kuliko mwamba, kwa hiyo ni heri kufika mapema asubuhi na kushuka kwa miguu kwa njia ya kale ya mawe, si kwa basi. Jirani yake iko shule ya Patmiada, iliyoanzishwa mwaka 1713.

Skala ni mahali pa kulala, kununua tiketi na kula samaki, na haina mengi zaidi ya hayo, isipokuwa majengo machache ya enzi ya Waitaliano, walioanza kutawala mwaka 1912. Hata hivyo, mwenye nguvu apande kilima cha Kastelli kilicho juu yake, penye mabaki ya ukuta wa Wagiriki wa kale, kwa sababu bahari huonekana pande zote mbili za kisiwa. Kampos, upande wa kaskazini, ni kijiji cha wakulima chenye uwanja mtulivu, nacho kinafaa kwa chakula cha mchana njiani kuelekea ufuo wa Lambi na kokoto zake za rangi. Grikos ina ghuba tulivu na mwamba wa Kalikatsou, wenye mashimo yaliyochongwa na binadamu.

Hakuna uwanja wa ndege. Wageni hupanda meli kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ambayo mara nyingi huingia usiku, au huruka hadi Kos, Samos au Leros na kumalizia kwa boti. Saa za monasteri hubadilika, na baadhi ya siku hufungwa alasiri, kwa hiyo ziulizwe Skala kabla ya kupanda. Mabega na magoti sharti yafunikwe. Anayeweza kuchagua majira aende wiki ya Pasaka ya Waorthodoksi, ambapo siku ya Alhamisi Kuu abati, yaani mkuu wa monasteri, huwaosha miguu watawa kumi na wawili hadharani, ila chumba kitafutwe miezi mingi kabla.