Kito cha Kununua Meli Ikitia Nanga Karibiani

Ukishuka melini Charlotte Amalie, mji wa kisiwa cha St. Thomas, unakuta barabara kuu imejaa maduka ya vito mlango kwa mlango, na madirishani limeandikwa jina la kwetu: tanzanite. Mara ya kwanza nilipoliona nilisimama pale, kifua kimenijaa. Nikaingia, nikauliza kito kimechimbwa wapi. Muuzaji akajibu "Afrika", akaishia hapo. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: safarini nunua kile ambacho ardhi ya pale, au mikono ya watu wa pale, ndiyo iliyokizaa. Ndivyo nilivyopanga chaguo hizi.

Kwanza jueni kwamba ramani ya maduka mnayogawiwa melini ni tangazo, maduka yaliyomo hulipia kutajwa. Na duka la ndani ya meli hufungwa meli ikiwa bandarini, basi piga picha ya bei usiku wa kabla ili ulinganishe ukiwa nchi kavu.

1. Larimar. Jiwe la bluu lenye mawimbi meupe, linachimbwa Barahona tu, Jamhuri ya Dominika. Jina alilitunga Miguel Méndez mwaka 1974, akiunganisha jina la binti yake Larissa na neno la Kihispania la bahari. Bluu iliyokolea ndiyo ghali, iliyopauka ni rahisi. Mistari ya kila jiwe ni yake peke yake, kwa hiyo ukiona hereni kumi zilizofanana kama sarafu, weka chini. Jiwe hili ni laini, chukua kidani au hereni, pete ya kila siku itachubuka.

2. Bangili ya ndoano ya St. Croix. Masonara wa kisiwani huifua kwa fedha au dhahabu, na kifungo chake ni ndoano. Ikielekea moyoni, mvaaji ana mtu wake. Kwa wifi au binti haina mpinzani. Tafuta muhuri wa 925, alama ya usafi wa fedha, na pima mkono wa mwenyewe kabla hujasafiri.

3. Kaharabu ya Dominika, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Hapa watu wa pwani tuna faida, maana kinachouzwa kwa jina la kaharabu mara nyingi ni ndugu yake tunayemjua: sandarusi, utomvu ambao bado mchanga, jamii ya ule uliosafirishwa kutoka Zanzibar karne ya 19. Maji yenye chumvi nyingi yatakutenganishia plastiki nyingi na kioo, maana vitazama. Sandarusi itaelea pamoja na kaharabu. Tone la asetoni ya kufutia rangi ya kucha, upande usioonekana, huifanya sandarusi inate. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka.

4. Zumaridi, Cartagena. Kolombia ndiyo kwao. Nyingi huingizwa mafuta kuficha nyufa. Hilo ni la kawaida, ila kiasi chake lazima kiandikwe kwenye cheti cha maabara. Usinunue kwa pupa ya saa tatu za bandarini. Kama hukupanga bajeti nyumbani, ipite.

5. Tanzanite. Inaniuma kuiweka hapa. Inachimbwa Mererani peke yake, wilaya ya Simanjiro, chini ya Kilimanjaro. Iligunduliwa mwaka 1967, na jina ikapewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka uliofuata. Nyingi hukatwa Jaipur, India, kabla ya kuvuka bahari kuja huku. Kwa hiyo ukiinunua Karibiani unalipia safari yote hiyo na kodi ya duka la ufukweni, na mchimbaji hujamsogelea hata hatua moja. Kama unarudi nyumbani likizo, ngoja ununue Arusha kwa mfanyabiashara mwenye leseni, na udai risiti. Kama hurudi karibuni na moyo umeganda, zungusha kito kwenye mwanga: kiwe bluu upande huu, zambarau upande ule. Usishtuke kuambiwa kimechomwa, karibu vyote huchomwa ili rangi ya kahawia iondoke. Na hakihimili kugongwa, basi kikae sikioni au shingoni.

6. Mkufu unaouzwa kwa inchi melini. Ni dhahabu ya kuchovya. Utachuja.

Matumbawe meusi na magamba ya ng'amba, yule kasa wa baharini, msiguse kabisa. Ng'amba yumo hatarini kutoweka, biashara ya kimataifa ya magamba yake imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na forodha watakunyang'anya hata ukionyesha risiti.

Kuhusu risiti: iandikwe jina la kito, uzito, na neno "asilia". Msichanganye karati mbili. Ya dhahabu ni usafi, 14 hugongwa muhuri 585 na 18 hugongwa 750. Ya kito ni uzito, na moja ni gramu 0.2. Lipa kwa kadi ya mkopo, ili ukigundua udanganyifu uweze kupinga malipo. Mkaazi wa Marekani kwa kawaida anarudi na bidhaa za dola 800 bila ushuru, na hufika 1,600 akitoka visiwa vya Virgin vya Marekani, kwa hiyo weka risiti za St. Thomas na St. Croix bahasha yake peke yake.